Genge Lililokatika Usiku Mmoja: Uchambuzi wa Kisa cha Mporomoko wa Pwani

## Kisa kwa ufupi

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Juni 1993, genge la udongo lenye kimo cha mita 60 lilikatika chini ya hoteli moja iliyotazama bahari, katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Uingereza. Tani zipatazo milioni 1 za udongo ziliteremka hadi ufukweni. Kati ya hoteli na ukingo wa genge palikuwa na bustani ya mita 70. Saa 12 asubuhi mgeni mmoja alitazama nje akakuta mita 55 za bustani hiyo hazipo. Watu wote wakatolewa. Siku zilizofuata genge likazidi kujimega kuelekea nyuma, mpaka bawa la mashariki la jengo likaanguka. Hakuna aliyeumia.

Jina la mji, la hoteli na la halmashauri iliyomiliki mteremko yameachwa. Tarehe, vipimo na mfuatano wa matukio ni vya kisa chenyewe. Palipo na hesabu ya mfano, imesemwa hivyo.

Kisa hiki kinafaa kufundishia kwa sababu dalili zilitangulia kwa wiki sita, zikaonekana, na hatua zikachukuliwa. Hata hivyo swali moja halikuwa na jibu: genge likikatika, mkato utafika umbali gani nyuma ya ukingo? Kwamba ardhi inasogea ilijulikana. Ukubwa wa kipande kilichokuwa kikisogea ndio uliokosekana, na swali hilo hujibiwa kwa kuchoronga, si kwa kutazama.

## Ardhi yenyewe

Genge lina sehemu mbili. Chini kuna miamba ya kipindi cha Jurasiki ya Kati, ambamo matabaka ya mwamba-tope na ya mwamba-mchanga hupishana. Juu yake umekaa udongo wa barafuto, yaani mchanganyiko wa mfinyanzi, mchanga, kokoto na mawe makubwa, uliosagwa na kuburutwa na barafuto (mto mkubwa wa barafu uendao polepole) katika kipindi cha mwisho cha barafu, kisha ukaachwa hapo barafu ilipoyeyuka. Mporomoko ulitokea ndani ya udongo huo wa juu.

Anayeuona udongo wa barafuto wakati wa ukavu hudhani ni imara. Ukikatwa husimama wima kwa mita kadhaa, na sururu hudunda. Ugumu huo una masharti. Karibu na uso wa ardhi, sehemu yake kubwa hutokana na maji kidogo yaliyonaswa kati ya chembe za mfinyanzi, ambayo huzivuta chembe zishikamane. Mvua ikizama vya kutosha mvuto huo hupotea, na udongo ule ule uliosimama wima huhitaji mteremko uliolala zaidi ili ukae.

Halafu haufanani ndani. Humo mna vitanda (yaani matabaka membamba) na vifuko vya mchanga na changarawe vilivyoachwa na maji ya barafu iliyokuwa ikiyeyuka. Katika mchanga maji hupita upesi. Katika mfinyanzi hupita polepole mno, tofauti ikiwa ya maelfu ya mara. Kitanda cha mchanga chenye unene wa sentimita 30 tu kinaweza kuleta maji kutoka mbali nyuma ya genge hadi karibu na uso wake. Mdomo wa kitanda hicho ukiwa wazi, utaona chemchemi ndogo na mstari wa mimea ya kijani kibichi kwenye genge. Ukiwa umefunikwa na udongo wa mtelezo wa zamani, hutaona kitu, na hiyo ndiyo hali ya kuogopwa zaidi: maji yamo, hayana pa kutokea, na msukumo wake unapanda. Genge kavu usoni halimaanishi genge kavu ndani.

Mpaka kati ya udongo na mwamba nao una mambo yake. Mwamba-tope haupitishi maji kirahisi, hivyo maji hutuama juu yake na kulainisha sentimita chache za udongo zilizo hapo. Mpaka wenyewe si lazima uwe tambarare. Barafuto hufukia mabonde ya kale, na bonde lililofukiwa huendelea kukusanya maji ya chini ya ardhi hata kama juu yake pana nyasi zilizonyooka.

Kabla ya 1993 mteremko huu ulikuwa umekwisha kuteleza mwaka 1982 na tena mwaka 1986, mara zote kwa kiasi kidogo ukilinganisha na kilichokuja baadaye. Baada ya mtelezo wa kwanza halmashauri iliajiri wahandisi washauri. Picha iliyojengeka miaka hiyo ni ya genge linalomeguka kidogo kidogo, ambalo huenda siku moja lingegusa bustani. Hoteli yenyewe ilionekana iko mbali.

## Mfuatano wa matukio

Katika miezi miwili iliyotangulia mporomoko zilinyesha milimita 140 za mvua. Si gharika. Lakini milimita 140 juu ya hekta moja ni meta za ujazo 1,400 za maji, na kwenye nyasi zilizo karibu tambarare juu ya genge sehemu kubwa ya maji hayo hayana njia nyingine ila kuzama.

Wiki sita kabla ya mkato mkubwa, nyufa zilitokea kwenye lami ya njia za miguu zilizokatiza mteremko chini ya hoteli. Halmashauri ilizifunga njia hizo kwa umma, na nyufa zikazibwa ili maji ya mvua yasiingie. Zilipokaguliwa tena muda mfupi kabla ya mkato, zilikutwa zimefunguka upya.

Usiku wa tarehe 3 genge likakatika. Kufikia saa 12 asubuhi mita 55 za bustani zilikuwa zimekwenda. Hoteli ikaondolewa watu. Mporomoko haukukoma hapo: ukuta mpya ulioachwa nyuma ulikuwa mkali, haukuwa na kitu cha kuuegemeza mbele, nao ukaendelea kuanguka vipande vipande mpaka ukingo ukarudi nyuma mita 70 kutoka ulipokuwa. Udongo ulioshuka haukutulia chini ya genge. Ulitiririka kuvuka ufuko na kufanya rasi ya nusu duara yenye upana wa mita 200, iliyojitokeza mita 135 kutoka mguu wa genge kuelekea baharini.

## Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Kufunga njia za miguu ulikuwa uamuzi sahihi, tena wa haraka. Hatari ya kwanza kwa mtu aliye chini ya genge linalopasuka ni kipande kidogo kinachodondoka, na hicho hakisubiri uchunguzi. Gharama ya kufunga ni ndogo, na kosa likitokea linarekebishika.

Kuziba nyufa nako kulikuwa na mantiki. Ufa wa mvutano wenye kina cha mita 3 ukijaa maji husukuma udongo kwenda mbele kwa nguvu ya kilonyutoni 44 hivi kwa kila mita ya upana wa genge, karibu uzito wa tani 4.5. Kuuzuia ufa usijae ni huduma ya kwanza inayoeleweka. Kasoro iko kwenye kinachopotea wakati wa kuziba, na tutairudia.

Uamuzi wa tatu haukuandikwa popote kama uamuzi, nao ni kutochunguza zaidi kwa kina. Kwa kuwa mitelezo ya 1982 na 1986 ilikuwa na mipaka, kilichotarajiwa ni mwingine wa aina hiyo. Hapo ndipo uzoefu wa genge moja hupotosha. Mitelezo midogo ya juujuu na mtelezo mkubwa wa kina huweza kuishi katika mteremko mmoja, kila mmoja na uso wake wa utelezi (mahali ndani ya ardhi ambapo udongo wa juu huteleza juu ya ule wa chini) na kichochezi chake. Idadi ya midogo haikuambii chochote kuhusu kina cha mkubwa. Mara nyingine midogo humwandalia mkubwa njia, kwa kuondoa udongo uliokuwa ukiegemeza mguu wa mteremko na kuziba midomo ya vitanda vya mchanga.

Kuwatoa watu asubuhi ya tarehe 4 kuliokoa maisha. Ikumbukwe lakini kwamba kilichoanzisha hatua hiyo ni jicho la mgeni aliyeamka mapema. Hakikuwa kifaa, wala kengele.

## Matokeo

Hoteli haikuokolewa, kilichosalia baada ya bawa la mashariki kuanguka kilibomolewa kwa usalama. Mteremko ulichongwa upya ukalazwa, ukawekewa njia za kutoa maji, na mguu wa udongo ulioshuka ukazungushiwa mawe makubwa ya kukinga mawimbi.

Wataalamu wa British Geological Survey, taasisi ya jiolojia ya Uingereza, walitaja mambo manne yaliyochangia: mvua ya miezi miwili, matatizo ya mifereji ya mteremko, kupanda kwa msukumo wa maji ndani ya udongo, na jiolojia ya genge. Mawimbi hayamo kwenye orodha hiyo. Watu wengi wakisikia genge la pwani limeanguka huuliza kwanza kuhusu bahari, na fedha za kinga nyingi huenda kwenye ukuta wa bahari. Ukuta huzuia mawimbi yasile mguu wa genge, basi. Hautoi maji yaliyo ndani.

## Uchambuzi: maji yalifanya nini

Neno la kukumbuka ni msukumo, si unyevu. Udongo haukatiki kwa sababu umekuwa mzito wa maji. Uzito huongezeka kidogo tu. Hukatika kwa sababu maji yaliyo katika vitundu vyake yanasukuma chembe zisigandamizane, na msuguano kati ya chembe ndio unaouzuia usiteleze.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme uso wa utelezi uko mita 20 chini ya ardhi, na udongo una uzito wa kilonyutoni 21 kwa kila meta ya ujazo. Mgandamizo juu ya uso huo ni kilopaskali 420 (kilopaskali ni kilonyutoni moja kwa kila meta ya mraba). Maji yakisimama mita 10 juu ya uso huo, msukumo wake ni kilopaskali 98, kwa hiyo chembe zinabaki zikigandamizana kwa kilopaskali 322. Pembe ya msuguano, yaani kipimo cha jinsi chembe zinavyokinzana kuteleza, ikiwa nyuzi 28, ukinzani dhidi ya kuteleza ni karibu kilopaskali 171. Sasa maji yapande mita 3. Msukumo unafika 127.5, mgandamizo wa chembe unashuka hadi 292.5, na ukinzani unabaki takriban 155. Umepungua kwa asilimia 9. Mteremko uliokuwa na kigezo cha usalama (ukinzani gawanya kwa nguvu inayousukuma uteleze) cha 1.05 sasa una 0.95, na chini ya 1 hakuna mteremko unaosimama.

Mita 3 si nyingi. Katika mfinyanzi wenye vitanda vya mchanga, msimu mmoja wa mvua unaweza kuzileta, na bomba la maji lililopasuka linaweza kuzileta bila mvua. Tena hazifiki siku ile ile mvua inaponyesha. Katika udongo unaopitisha maji polepole, kilele cha msukumo huchelewa kwa siku au wiki nyuma ya kilele cha mvua. Ndiyo maana kipimo kilichotajwa katika kisa hiki ni cha miezi miwili, na ndiyo maana anga kuwa safi jioni ya mkato hakungemhakikishia mtu yeyote chochote.

Umbo la mporomoko lilikuwa la mzunguko: kichwa kinazama, mguu unachomoza, kipande kizima kikijipindua kama mtu anayeteleza kwenye kiti akabaki ameegemea nyuma. Kwa kawaida umbo hili hujizuia lenyewe, maana udongo unaorundikana mguuni huwa uzito wa kuegemeza ulio juu. Hapa kinga hiyo haikufanya kazi. Udongo uliolowa ulivurugwa ukageuka tope, ukatiririka mita 135. Mguu ukaondoka, na ukuta mpya wa nyuma ukabaki bila egemeo. Mmeguko wa siku zilizofuata una maelezo yake hapo.

## Uchambuzi: nyufa zilisema nini, na zingeweza kusema nini zaidi

Nyufa zilionekana kwenye lami kwanza kwa sababu lami ni tabaka jembamba lisilonyumbuka. Ardhi ikivutwa kwa milimita chache, lami hupasuka na mstari hubaki mweusi na wazi. Kwenye nyasi, ufa wa milimita hizo hufichwa na mizizi. Hivyo basi kuona nyufa njiani na kutoziona bustanini si ushahidi kwamba bustani imetulia. Anayekagua genge apitie kila kitu kigumu kilicho juu yake: kingo za njia, ngazi za saruji, kuta fupi, mifuniko ya mashimo ya maji taka, fremu za milango isiyofunga vizuri tena. Kwenye nyasi atembee akipapasa kwa fimbo ya chuma, akitafuta mistari inayofuatana na ukingo.

Sasa turudi kwenye kuziba. Ufa uliozibwa bila alama, ukifunguka, unajibu swali moja tu: umesogea au haujasogea. Hausemi kiasi gani wala kwa kasi gani. Utaratibu wa kufuata kabla ya kumwaga chochote ni huu. Pigilia misumari ya chuma miwili, mmoja kila upande wa ufa, kwenye mstari unaoukata kwa pembe mraba. Ongeza wa tatu upande mmoja ili zifanye pembetatu, uweze kujua kama upande wa chini unashuka, unasonga mbele au unakwenda kando. Pima umbali kwa kalipa hadi milimita 0.1 kama misumari iko karibu, au kwa utepe wa chuma hadi milimita 1 kama iko mbali. Piga picha ikiwa na rula ndani yake. Andika saa. Kisha ziba, kwa kitu kinachonyumbuka kama lami laini au mfinyanzi uliopondwapondwa; saruji ngumu hupasuka pembeni na kufungua njia mpya ya maji. Rudi kila siku, saa ile ile, na uandike mvua ya saa 24 kando ya kipimo.

Faida ya kuwa na kasi ni kwamba kasi inaweza kutabiri. Mteremko unaokaribia kukatika huongeza mwendo kwa namna ambayo, ukichora kinyume cha kasi (yaani 1 gawanya kwa kasi) dhidi ya siku, mara nyingi hupata mstari unaoshuka ukiwa karibu umenyooka. Pale mstari unapogusa sifuri ndipo mkato unapotarajiwa. Mfano: kasi za siku tano mfululizo ni milimita 2, 2.5, 3.3, 5 na 10 kwa siku. Vinyume vyake ni 0.5, 0.4, 0.3, 0.2 na 0.1. Kesho yake ni sifuri. Aliyetazama kasi zenyewe angeona siku nne za ongezeko dogo kisha mruko mmoja. Aliyechora vinyume angekuwa na tarehe mkononi kuanzia siku ya tatu. Njia hii hukosea pale mvua mpya inapoongeza au kupunguza mwendo katikati, kwa hiyo itumike kuharakisha uamuzi wa kuwatoa watu, kamwe isitumike kuuchelewesha.

## Uchambuzi: uchorongaji ambao ungejibu swali

Ili kujua kina cha uso wa utelezi na umbali wake nyuma ya ukingo, yanahitajika mashimo yasiyopungua matatu kwenye mstari mmoja unaokata genge: moja nyuma ya ukingo, moja katikati ya mteremko, moja karibu na mguu. Yote yafike kwenye mwamba na kuingia ndani yake mita kadhaa. Shimo linaloishia kwenye udongo kwa sababu mashine ilikutana na jiwe kubwa, likaandikwa kwamba limefika mwamba, limeharibu michoro mingi ya mabonde yaliyofukiwa.

Sampuli zichukuliwe mfululizo, bila kuruka. Uso wa utelezi wa zamani unaweza kuwa na unene wa milimita chache tu: utando wa mfinyanzi laini, unaong'aa, wenye michirizi upande ulioteleza. Sampuli zinazochukuliwa kila baada ya mita 1.5 huupita bila kuuona. Kuupata ni muhimu kwa sababu udongo uliowahi kuteleza haurudii nguvu yake ya mwanzo. Katika mfinyanzi unaonata sana pembe ya msuguano huweza kushuka kutoka zaidi ya nyuzi 20 hadi karibu 10. Udongo wa barafuto wenye mchanga mwingi hauporomoki kiasi hicho, lakini hesabu inayotumia nguvu ya udongo mpya juu ya uso wa zamani ni hesabu ya kujipa moyo.

Katika kila shimo iwekwe piezomita ya kupima msukumo wa maji. Hapa kuna kosa linalorudiwa mno: bomba moja lenye matundu kutoka juu hadi chini. Bomba hilo huunganisha kitanda cha mchanga chenye msukumo mkubwa na kingine kilicho kikavu, na kiwango kinachosomwa ni mchanganyiko usiokuwapo popote ardhini. Kila kipimo kifungiwe kwenye tabaka lake, kwa plagi ya bentonaiti (mfinyanzi unaovimba ukilowa) juu na chini. Palipo na mfinyanzi mzito, vipimo vya waya unaotetema vinafaa kuliko bomba la wazi, kwa sababu bomba huhitaji maji mengi kuingia kabla halijaonyesha mabadiliko, na mfinyanzi hautoi maji mengi upesi.

Shimo la nyuma ya ukingo liwe na inklinomita pia, kifaa cha kupima kupinda kwa bomba lililozikwa ardhini, bomba lake likiwa limezama mita 3 hadi 5 kwenye mwamba usiosogea. Lisipofika huko, mguu wa bomba unasafiri pamoja na mporomoko na masomo yanaonyesha utulivu. Ukisoma kila nusu mita, kina ambacho bomba limepinda ndicho kina cha uso wa utelezi. Kwa bustani ya kisa hiki, pindo moja kwenye shimo lililochorongwa jirani na ukuta wa hoteli lingekuwa taarifa tosha kwamba jengo limo ndani ya kipande kinachosogea.

## Uchambuzi: umbali wa usalama

Kuna kanuni ya kukadiria inayozunguka kwa wajenzi: jenga nyuma ya ukingo kwa umbali sawa na kimo cha genge. Hapa kimo kilikuwa mita 60 na mkato ulirudi mita 70. Kanuni isingetosha, hata kwa jengo lililosimama mita 70 nyuma.

Kutumia wastani wa mwaka ni hatari vilevile. Kusini zaidi, kwenye pwani ya Holderness, magenge ya udongo wa barafuto hurudi nyuma kwa wastani wa karibu mita 2 kwa mwaka yakiliwa na bahari. Kwa mwendo huo mita 70 ni miaka 35. Hapa zilikwenda kwa siku chache. Genge linaloliwa na mawimbi huwa na mwendo unaopimika kwa picha za zamani. Genge linalokatwa na maji ya ndani hukaa kimya miaka mingi kisha hufanya kazi yote mara moja. Mstari wa usalama wa genge la aina ya pili huchorwa kutokana na uso wa utelezi wenye kina kirefu zaidi unaowezekana kijiolojia, ukiongezewa mmeguko wa nyuma utakaofuata mkato wa kwanza.

## Uchambuzi: taarifa na majirani

Hoteli iliishtaki halmashauri, mmiliki wa mteremko ulio chini yake. Mahakama ya kwanza iliipa hoteli ushindi mwaka 1997. Mahakama ya Rufaa ikautengua mwaka 2000. Majaji wa rufaa walikubali kwamba mwenye ardhi anaweza kuwa na wajibu kwa jirani anayetegemea ardhi hiyo kusimama, hata kama tatizo ni la asili. Lakini wajibu huo una kipimo. Halmashauri ilijua ardhi inateleza. Ukubwa wa mkato wa 1993 haukuweza kutarajiwa bila uchunguzi zaidi wa kijiolojia, na katika mazingira yale haikupaswa kuufanya uchunguzi huo kwa gharama yake. Majaji waliona pia kwamba wajibu wa aina hiyo huenda ukaishia kwenye kumwonya jirani na kumpa taarifa zilizopo.

Kwa mwenye jengo juu ya genge, maana yake kivitendo ni kwamba asitegemee mwenye mteremko amchunguzie. Aombe kwa maandishi ripoti zote za mitelezo ya zamani, azisome akitafuta kina cha mashimo na si mapendekezo tu, na kama hakuna shimo lililofika mwamba upande wake wa ukingo, achoronge mwenyewe.

## Baada ya mkato: kazi za kuimarisha na zinavyoharibika

Kulaza mteremko, kutoa maji na kuweka uzito mguuni ni silaha za kawaida, na mpangilio wake una umuhimu. Huko Folkestone Warren, kusini mwa Uingereza, ambako mwamba wa chaki umekalia tabaka la mfinyanzi liitwalo Gault, mporomoko wa tarehe 19 Desemba 1915 uliifunga reli hadi mwaka 1919. Uimarishaji wa baadaye ulitegemea njia za kutoa maji zilizochimbwa ndani ya mteremko pamoja na uzito mkubwa wa saruji mguuni. Uzito ukiwekwa mahali pasipo sahihi, yaani kwenye nusu ya juu ya mporomoko, upande wa kichwa, huongeza kasi badala ya kuizuia. Kwa hiyo lazima umbo la uso wa utelezi lijulikane kabla lori la kwanza la mawe halijafika.

Mifereji ya kulala huchorongwa kutoka usoni mwa genge ikipanda kidogo kuelekea ndani, nyuzi 2 hadi 5, ili maji yatoke kwa uzito wake. Adui zake ni vumbi la mfinyanzi na ute wa kutu unaoletwa na bakteria wa chuma; bomba lililotoa maji safi mwaka wa kwanza linaweza kuwa limeziba mwaka wa tano huku genge likionekana kavu. Zipimwe lita kwa dakika kwa kila bomba, msimu wa mvua na wa ukavu. Bomba lililopungua ghafla wakati piezomita ya jirani inapanda lioshwe kwa maji ya shinikizo mara moja.

Mifereji ya juu ya ukingo hukatika pale ardhi inaposogea, na mfereji uliokatika humwaga maji yote uliyokusanya ndani ya ufa ule ule uliojengwa kuukinga. Viungo viwe vya kunyumbuka, bomba lisipite ukingo mahali panaposogea bila kiungo cha kuteleza, na maji yashushwe mpaka ufukweni ndani ya bomba, yasiachwe katikati ya mteremko. Mabomba ya jengo yanahesabika pia: maji safi, maji taka, mifereji ya paa, umwagiliaji wa bustani. Kipimo chepesi ni kufunga kila bomba usiku na kutazama kama mita ya maji bado inazunguka.